Nani Atasikika: Mhadhara Juu ya Pembe ya Antena

Wazee wangu wa pwani, na nyinyi vijana wa ufundi mliokaa nyuma na madaftari yenu: nimeombwa nizungumze juu ya antena. Nimechagua sehemu moja ndogo tu, ile ambayo fundi huimaliza kwa dakika mbili akiwa juu ya ngazi, kisha haikumbuki tena. Ni pembe. Antena imesimama, imelala au imeinama? Imeinamia wapi, na kwa nyuzi ngapi? Nimefanya kazi ya redio hapa Tanga, baharini na milimani, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Nimeona mawasiliano mengi zaidi yakikatika kwa sababu ya pembe kuliko kwa sababu ya mashine, na mengine yalikatika siku ambayo mtu alikuwa akiomba msaada.

Nikiwa bado fundi kijana niliitwa kutazama redio ya boti moja iliyokuwa ikivua katika mkondo wa Pemba. Nahodha wake alikuwa mtu mzima, msemaji wa taratibu. Akaniambia, "Mwanangu, redio hii ina tabia. Nikitoka, bandarini hawanisikii. Nikirudi, hawanisikii. Nikiukalisha ubavu wa boti upande wa Tanga, wananisikia vizuri." Karakana nzima haikumwamini, nami nilikuwa mmoja wao. Tulikwisha kubadilisha betri, tukabadilisha waya, tukabadilisha na redio yenyewe. Mwenye boti alikuwa amelipa fedha nyingi, na tabia ile haikubadilika.

Siku ya pili nikaenda naye. Tulipofika kilomita kama 15 nje, akanipa kipaza sauti, akageuza usukani hadi ubavu ukatazama mji. Niliita, nikajibiwa. Akaelekeza omo, mbele ya boti, upande wa Pemba, niliita, kimya. Akaigeuza boti mzima mzima, omo ukaja Tanga, kimya vilevile. Mzee alikuwa amesema kweli tupu, tena kwa usahihi ambao hata fundi mwenye vipimo angeuonea fahari.

Antena yake ilikuwa fimbo nyeupe ya mita 2.4, imefungwa juu ya bawaba ili ilazwe wakati nyavu zinavutwa. Meno ya bawaba yalikuwa yameliwa na chumvi, na fimbo ilikuwa imelalia tezi, nyuma ya boti. Nikaipima: nyuzi 40 kutoka wima. Kila aliyepanda boti ile aliiona, na hakuna aliyeihesabu kuwa kasoro. Kwa nini waihesabu? Mlingoti wa jahazi huinamia omo, na jahazi linakwenda.

Sasa niwaombe mfikirie kata, ile pete ya kitambaa ambayo mama zetu huiweka kichwani chini ya mtungi. Pitisheni kijiti katika tundu lake. Kijiti ndicho antena, na kata ndiyo umbo la nguvu inayotoka. Tazameni ilipo kata na pasipo na kitu. Pembeni, kukizunguka kijiti, imenona. Juu ya ncha ya kijiti pako wazi, na chini yake pako wazi. Watu wengi wanaamini mawimbi ya redio huchomoka nchani, kama risasi kutoka katika mtutu, na ndiyo maana utamwona mtu amekamata redio ya mkononi akiielekeza ncha ya antena kwa anayemwita, yaani anamwelekezea mahali penye nguvu kidogo kuliko pote. Fimbo iliyosimama wima hupeleka nguvu yake ubavuni, kuelekea upeo wa macho, pande zote kwa usawa.

Jambo la pili ni kwamba antena haizalishi nguvu. Redio ya boti hutoa wati 25, na wati 25 ndizo zilizopo. Antena inagawa tu. Muuzaji akikwambia kwamba fimbo hii ndefu ina nguvu kuliko ile fupi, maana yake ni kwamba kata imekandamizwa ikawa bapa kama sahani: kilichopunguzwa juu na chini kimeongezwa pembeni. Fimbo ya nahodha ilikuwa ya namna hiyo. Nguvu yake nyingi ilikaa ndani ya tabaka la nyuzi kama 35 kwa jumla, takriban 17 juu ya ubavu wake na 17 chini.

Ukiinamisha kijiti, kata nayo inainama. Fimbo ilipolalia tezi kwa nyuzi 40, ile sahani ya nguvu ilinyanyuka upande wa omo ikatazama mbingu, na upande wa tezi ikazama majini. Nahodha akiondoka bandarini, Tanga iko nyuma yake, na sauti yake inamwagwa baharini. Akirudi, Tanga iko mbele, na sauti yake inapita juu ya mji na kupotea angani. Lakini kule ubavuni, kushoto na kulia, sahani haikupanda wala haikushuka. Izungusheni kwa mkono mtaona: ukiinamisha sahani mbele na nyuma, kuna mstari mmoja wa kati usiosogea. Katika mstari huo ndimo mzee alimokuwa akiitega boti yake, bila kufundishwa na mtu.

Mtu anaweza kuuliza kama pembe ina uzito huo wote kwa vyombo vilivyo mbali namna ile. Baharini jibu ni ndiyo, kwa sababu huko wote tunaoitana tuko katika mstari mmoja wa maji. Tuseme antena ya bandarini iko mita 60 juu ya bahari, nawe uko kilomita 20 nje. Kutoka kwako antena ile iko juu ya upeo kwa chini ya robo ya nyuzi moja. Hakuna faida yoyote katika kupeleka mawimbi juu zaidi ya hapo. Aliye juu ni ndege. Na umbali wenyewe una mpaka. Mafundi huchukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, wakazidisha kwa 4.12, wakapata kilomita ambazo wimbi litafika kabla mviringo wa dunia haujaliziba. Antena ya boti iliyo mita 4 juu ya maji inapata kilomita 8, ile ya bandarini ya mita 60 inapata 32, na zikijumlishwa ni 40. Ukifika kwenye kilomita ya 30 unabakiwa na akiba ndogo sana, na akiba hiyo ndiyo pembe mbaya huitafuna.

Kuna hasara nyingine ambayo mzee hakuiona, kwa sababu hata alipokaa ubavu alikuwa akipoteza. Hii inataka niwapeleke Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1888, katika chumba cha Heinrich Hertz, mtu wa kwanza kuonyesha kwa vitendo kwamba mawimbi ya redio yapo. Hertz alikuwa na vioo viwili vya bati la zinki vilivyokunjwa, kimoja kikirusha na kingine kikipokea, na dalili ya kupokea ilikuwa cheche ndogo sana. Vyote viwili viliposimama wima, cheche ilionekana. Alipokilaza polepole kile cha kupokea, cheche ikafifia, na kilipolala kabisa ikazimika. Kisha akatengeneza fremu ya mbao yenye pembe nane, akaitandika nyaya za shaba zilizopishana kwa sentimita 3, akaiweka katikati ya vioo vilivyosimama. Nyaya zikiwa wima, wimbi lilizuiwa. Zikiwa za kulala, lilipita kana kwamba hapana kitu. Na hili ndilo lililonifanya nimpende Hertz: alivipinganisha vioo, kimoja wima na kingine cha kulala, hapakuwa na cheche, akaingiza fremu kati yao nyaya zikiwa zimeinama nyuzi 45, na cheche ikarudi. Kwa fremu tupu isiyo na umeme aliligeuza wimbi likakubalika pale lilipokataliwa.

Alichotuonyesha ni kwamba wimbi hutoka na ulalo wa antena iliyolizaa na kwenda nao safari nzima. Wataalamu huita jambo hili polaraizesheni. Antena ya wima huzaa wimbi la wima, na ili lipokewe lote linataka kupokewa na antena ya wima. Redio za baharini dunia nzima zimekubaliana kutumia wima. Pembe ikipishana, hasara hufuata kanuni moja, na si kanuni ya kupungua kidogo kidogo kwa usawa. Ukipishana kwa nyuzi 10 unapoteza asilimia 3, jambo lisilosikika sikioni. Kwa nyuzi 30 unapoteza robo. Kwa 45 unapoteza nusu, kwa 60 robo tatu. Kwa 90 hesabu inasema umepoteza vyote, ingawa katika maisha kuna bati, ukuta au mlima wa kulirudisha wimbi limepinda, na kitu kidogo hupatikana. Kwa nyuzi 40 za nahodha, hasara ni asilimia 41. Hata pale ubavuni aliposikika, wati zake 25 zilifanya kazi ya wati 15 hivi.

Tulinunua bawaba mpya. Ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote tulichokwisha kumuuzia.

Tangu siku ile nina shauri ambalo wauzaji hawalipendi. Fimbo ndefu ni kwa chombo kizito kisichoyumba. Kwa mashua na ngalawa, kwa jahazi linalokwenda joshi limelala upande, kwa boti ndogo wakati wa kusi, chukueni antena fupi. Kata yake ni nene. Antena ya kawaida ya nusu wimbi, hata ikiinama nyuzi 40, bado hutuma karibu nusu ya nguvu yake kwenye upeo wa macho, kule mbele na nyuma ambako ile ndefu ilikuwa imenyamaza. Najua kwamba kwenye karatasi fupi inaonekana dhaifu. Karatasi haipigwi na mawimbi.

Nchi kavu mambo hugeuka: huko wakati mwingine tunainamisha kwa makusudi. Minara ya simu mnayoiona mjini ina masanduku marefu membamba, kwa kawaida matatu au zaidi, kila moja likitazama upande wake. Mwale wa sanduku hilo ni bapa sana, mara nyingi nyuzi 6 au 7 tu kutoka juu hadi chini. Sanduku likiwa mita 30 juu na likasimama wima kabisa, kitovu cha mwale hakigusi ardhi. Kinapita juu ya mapaa kwenda kusumbua mtaa wa mnara mwingine. Kwa hiyo huinamishwa. Kwa nyuzi 1 kitovu hugusa ardhi kilomita 1.7 mbele, kwa 3 hugusa mita 570, kwa 6 mita 285. Tazameni jinsi mzunguko mmoja wa bisibisi unavyohamisha huduma kutoka kijiji hadi kijiji. Watu wa chini ya kilima hushangaa: mnara uko juu yao, wanauona dirishani, na simu haishiki. Huenda mwale unapita juu ya vichwa vyao ukihudumia ng'ambo ya bonde, nao ni wepesi wa kudhani wameonewa. Mara nyingi ni kweli wamesahauliwa, maana aliyeweka pembe alitazama ramani tambarare.

Kuna namna mbili za kuinamisha, na kijana wa ufundi azijue tofauti yake. Ya kwanza ni kulisukuma sanduku lenyewe kwa mikono. Mwale wa mbele unashuka, lakini ule wa ubavuni unabaki palepale, kama ule mstari wa kati wa boti, na kinachovuja mgongoni kinapanda juu. Ukizidisha, umbo la eneo linaharibika: mbele pamebonyea, mbavu zimetuna. Ya pili ni kuacha sanduku limesimama na kuchelewesha umeme kidogo kidogo kwa antena ndogo zilizopangwa ndani yake, ya chini ikipata baadaye kuliko ya juu. Mwale unashuka pande zote kwa pamoja. Mtu wa chini haoni kitu kilichosogea. Na ndani ya masanduku hayo, ulalo wa mawimbi si wima wala si wa kulala; ni nyuzi 45 kulia na 45 kushoto, kwa pamoja, kwa sababu hakuna ajuaye utakavyoishika simu yako.

Ungo wa setilaiti nitaupitia haraka, ingawa ndio antena iliyo juu ya mapaa mengi. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, nyuzi 36 mashariki, hapa Tanga iko karibu utosini, nyuzi kama 83 kutoka ardhini. Mtu wa London akiitafuta setilaiti hiyohiyo anainua macho nyuzi 22 tu. Mwale wa ungo wa sentimita 90 una upana wa nyuzi kama 2, kwa hiyo ukikosea nyuzi 1 umekwisha kupoteza nusu. Mpira wa mtoto ukigonga ungo, hivyo ndivyo inavyokuwa.

Niende Usambara, kwa kuwa huko nilijifunza kwamba hata urefu wa nguzo ni pembe.

Zahanati moja ya milimani ilipewa simu ya upepo ya masafa marefu, kabla mitandao ya simu haijafika huko. Waliofadhili walikuwa watu wema, na walitaka kutoa kilicho bora, hivyo walisimamisha nguzo mbili za mita 30 na kuutandaza kati yake waya wa kulala, kaskazini hadi kusini, kwa masafa ya megahetzi 5. Kazi ilikuwa safi. Muuguzi alipoita hospitali ya wilaya hakujibiwa. Alipoita Korogwe, chini ya mlima, hakujibiwa. Usiku mmoja akajibiwa na mtu wa Kigoma, aliyemsikia vizuri na kumuuliza kama anahitaji chochote. Alihitaji gari la kumchukua mama mjamzito. Kigoma iko kilomita 960 magharibi.

Waya wa kulala haufanyi kazi peke yake. Ardhi iliyo chini yake inarudisha nusu ya mawimbi juu, na haya ya kurudi hukutana na yale yaliyotoka moja kwa moja. Yakikutana kwa mapatano huongezeana, yakikutana kwa kupingana huuana. Kwa megahetzi 5 urefu wa wimbi ni mita 60. Waya ukiwa mita 30 juu, yaani nusu wimbi, mawimbi yanayokwenda utosini huuana kabisa, na nguvu nyingi hukimbilia kwenye pembe ya nyuzi 30 kutoka ardhini. Likipanda kwa pembe hiyo hadi tabaka la ayonosfia, tuseme kilomita 300 juu, na kurudishwa, wimbi hutua kilomita kama 1,000 mbali. Waya wa kaskazini na kusini hutazama mashariki na magharibi. Mashariki ni bahari. Magharibi ni Kigoma.

Kumfikia jirani aliye nyuma ya mlima hakuwezekani kwa kuupiga mlima. Kunawezekana kwa kupiga juu, karibu wima, na kuliacha wimbi lishuke kama mvua juu ya kila kitu, mabonde na yote. Kwa mfano, kutoka Tanga hadi Lushoto, huko Usambara, ni kama kilomita 95 kwa mstari mnyoofu; kwa umbali huo wimbi linatakiwa lipande kwa nyuzi 81. Na ili waya upige juu hivyo, lazima uwe chini, mita 10 hivi kwa megahetzi 5. Basi nilipofika na kamba nikaanza kuushusha, watu wakakusanyika. Mzee mmoja wa kijiji akaniuliza, "Fundi, wenzako walipandisha, wewe unashusha?" Nikamwomba anipe hadi jioni. Tukaufunga kwenye mikaratusi miwili, mita 9 kutoka ardhini. Muuguzi akaita hospitali ya wilaya mara moja. Kisha akaita Korogwe. Kisha akaketi kwenye benchi la wagonjwa, na hakusema kitu kwa muda.

Habari za yule mama niliambiwa baadaye, wala si za kusimulia hapa. Nasema tu kwamba redio ile ilikuwa mpya, wati zake zilikuwa 100, na betri zilikuwa zimejaa. Ndiyo sababu ninakasirika, na nitaendelea kukasirika, ninaposoma mikataba ya kununua vifaa vya mawasiliano ambamo wati zimeandikwa, rangi ya sanduku imeandikwa, na hakuna mstari hata mmoja unaosema antena itatazama wapi na anayetakiwa kuisikia yuko wapi. Vijana, mkipewa karatasi kama hiyo, andikeni mstari huo wenyewe kabla hamjatia sahihi.

Na nyinyi wenye vyombo, najua kesho asubuhi baadhi yenu mtakwenda kutazama antena zenu, na nimefurahi. Chukueni uzi na kijiwe, timazi ya fundi mwashi inatosha, mwuning'inize kando ya fimbo, mwutazame mkiwa mmesimama omo, kisha mkiwa ubavuni, kwa sababu antena inaweza kuwa imenyooka ukiitazama upande mmoja na imelala upande wa pili. Kazeni bawaba. Lakini kesho asubuhi maji yatakuwa yamekupwa, na boti zenu zitakuwa zimeegama mchangani. Msipime hapo. Subirini maji yajae, pakieni barafu na mafuta kama mnavyokwenda kazini, boti ikae ilivyo baharini, ndipo mteremshe uzi.